Nilikatala Telefoni ya Mukwe Yangu

Nilikosa. Naanza na hiyo, juu najijua: nikitia maneno ingine mbele, nitaanza kujitetea, na kujitetea najua sana.

Rafiki yangu musomaji, kaa karibu. Jina yangu sitaje. Hapa Lubumbashi bantu bengi banakula samaki yangu. Na majina nitatia humu si ya kweli.

Mimi nilijijenga mwenyewe. Nilibeba magunia ya makala, makaa ya kupikia, ku kichwa. Nikauzisha bitoyo, ile samaki ya chumvi, nikiikala chini mu vumbi. Leo niko na depo ya samaki na parseli mbili, viwanja vya nyumba. Shule? Niliacha mwaka ya tatu ya primere. Kusoma nasoma, lakini sawa muntu anatembea mu matope. Mbele ya bantu nasema: "Malunete yangu ya kusomea ilibakia nyumbani." Malunete! Miaka makumi mbili inabakia nyumbani!

Binti yangu, tumuite Bijou, akaleta muchumba. Fiston. Familia ya Kasai, bantu ya kusoma, kwao hata kuku nadhani inasoma. Kazi yake kutengeneza na kuuzisha matelefoni kule mujini. Nilicheka. Muntu muzima, kuchokora-chokora bintu na katurnevisi, bisibisi kadogo! Lakini Bijou alisema ni yeye tu. Basi, tukatoa liste ya mahari: kostimi ya baba, viatu, kitambaa ya mama, mbuzi. Na mimi nikaongeza yangu: telefoni moja, mupya, ya heshima.

Siku ya mahari parseli ilijaa. Baba mudogo ya Fiston, mwalimu, muntu ya sauti ya chini, njo alikuwa anatoa bintu moja-moja. Akafika ku telefoni. Kartoni ilikuwa imefunguliwa!

Nikauliza: "Hii, nani alifungua?"

Fiston akajibu na heshima: "Ni mimi, Papa. Iko mupya kabisa, niliitayarisha tu. Iko debloke, inakubali karta ya rezo yote, kampuni yoyote ya simu, na unatia mbili mara moja. Na nilitia picha ya batoto yako ku nimero zao. Ukitaka kuita Bijou, unafinya sura yake. Hauna haja ya kusoma."

Hauna haja ya kusoma! Mbele ya bakwe! Mbele ya dikoni ya kanisa, jirani yangu!

Leo najua ule mutoto alifanya vile na roho muzuri. Maneno ya malunete alishaonaka zamani, akanyamaza, akatafuta njia ya kunisaidia. Lakini siku ile nilisikia sawa bananivua suruali.

Nikamuambia: "Rudisha katelefoni yako yenye bantu balisha kushika-shika. Mimi nataka ile ya kampuni ya rezo, ile iko ku pano kubwa ya matangazo ku barabara, kartoni ya kufungwa. Dikoni iko nayo. Mimi niko chini ya dikoni?"

"Papa, ile bei yake iko chini juu kampuni ilisha kulipa kipande. Njo maana banaifunga, inakubali karta yao peke yake. Ukifika fasi rezo yao haiko, inakuwa jiwe."

"Mutoto, nilianza biashara mbele babako hajaoa. Weye njo utanifundisha kununua?"

Halafu nikamugeukia mwalimu: "Na weye, mwalimu mukubwa! Badala umufundishe huyu adabu, unamubebea takataka yake?"

Bantu bakacheka. Na ile kicheko, weee, niliipenda! Mwalimu hakucheka. Akafunga kartoni polepole. "Tutaleta ile unataka, mukwe."

Kisha juma moja bakaleta. Kartoni ya kufungwa, kabisa vile nilitaka. Bakatia ku meza, bakaaga. Habakunywa hata mayi.

Mwaka ikapita. Hapa mujini telefoni ya kampuni ilikuwa inaita muzuri. Nilikuwa naibeba ku mufuko ya shati, mbele, sawa medali. Kila mara nikimuona Fiston naitoa: "Iko jiwe? Sikia jiwe inalia!" Yeye anacheka kidogo, anarudia kazi yake. Nikawaza nimemushinda.

Halafu dereva yangu, ule mwenye kuendaka Kilwa ya huku kwetu, ku ziwa, kunitafutia samaki, akagonjwa. Mvua ilikuwa imeanza. Nikaamua kuenda mwenyewe. Bijou alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Alinishika mukono ku mulango.

"Papa, utaniita kila siku? Naogopa."

"Kila siku, mama. Si niko na telefoni ya heshima?"

Kilwa, rezo ya ile kampuni hakuna. Hata kidogo! Nikanunua karta ya rezo yenye bantu ya kule banatumia, nikaitia. Telefoni ikaomba nimero ya siri. Nimero gani? Nani alinipatia? Nikafinya hivi, nikafinya vile, mwisho ikajifunga yote.

Mama mumoja muuzishaji ya samaki aliona jasho yangu. Akaangalia, akacheka mpaka akashika tumbo: "Papa, telefoni yako iko na bwana mumoja tu, na ule bwana hafikake huku!" Banamuke bote ya pale bakacheka. Kisha akatoa yake, kadogo, kamefungwa na lastiki. "Shika, Papa. Ita kwako. Usiogope mayunite, salio iko."

Hapa njo kosa yangu. Sikia muzuri, juu hii sijaambia muntu.

Nimero ya bibi yangu, mama ya Bijou, naijua ku kichwa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Ningeita palepale. Lakini nikawaza: ataona nimero ya mugeni, atauliza, nitasema yangu imekatala, na yeye atamuambia Fiston. Na Fiston atakuwa amesema kweli. Mimi nishindwe na mutoto ya katurnevisi? Wapi!

Nikamurudishia mama ule telefoni yake. "Aksanti, sina haja."

Siku tisa! Barabara ilikatika, lori ikalala mu matope. Siku tisa, na hakuna siku moja nilikosa muntu mwenye telefoni pembeni yangu.

Siku ya tatu Bijou akashikwa na uchungu. Mutoto akakatala kutoka, bakamupasua. Damu ikatoka mingi, munganga akaomba familia ilete damu. Bibi yangu anagonjwa tansion ya damu. Batoto yangu banaume biko mbali, kule Kolwezi. Damu ya Fiston haikupatana na yake. Bakaniita, bakaniita. Bijou mwenyewe, mbele bamuingize kupasuliwa, alishika telefoni ya bwana yake akaniita. Akasikia ile sauti ya mashini inamuambia sipatikane. Akamuambia mama yake: "Papa amezima juu aliona ni nimero ya Fiston."

Nani alimufundisha kuwaza vile? Si mimi?

Ule alitoa damu ni mwalimu. Ule ule.

Nilirudi nikakuta Bijou iko muzima, na mutoto mwanaume iko muzima. Mujukulu yangu ya kwanza! Bote balijua atabeba jina yangu. Bakaningojea, nikakosekana. Anabeba jina ya mwalimu. Na mwalimu, kuniona naingia, alisimama akanipatia kiti yake.

Nikaanza kupiga kelele juu ya kampuni. Bezi! Badanganyi! Bijou akanigusa mukono. "Papa, acha. Dereva alituambia Kilwa ile rezo haifike. Ni telefoni, haiko weye."

Nilingojea Fiston aseme: nilikuambia. Ningepata fasi ya kukasirika. Yeye aliendelea kukunja nguo ya mutoto.

Na mimi nikajibu: "Njo vile, mama. Ni telefoni."

Muone muntu mukubwa! Depo, parseli mbili, na anajificha nyuma ya katelefoni! Bijou amenisamehe kosa ya chuma. Yangu hajaijua.

Sasa benye kununua, musikie. Muende na karta mbili, rezo mbili tofauti. Mutie yote mbili mbele ya muuzishaji, muite muntu, asikie, ajibu. Muuzishaji akikatala, mumuachie na kartoni yake ya kufungwa alalie. Na bei ikikuwa chini sana, uliza nani alilipa ile kipande ingine na anangojea nini kwako. Mukiniona mujinga, sawa, niko.

Na weye muzee ya kichwa nguvu sawa yangu: telefoni yako imekufa, mutoto wako anangojea, na muntu anakunyoshea yake. Shika! Ita! Acha bakucheke mpaka bachoke!

Siku ya Mungu hii, jumapili, naenda kwa Bijou. Nimeomba bwana yake akuwe pale, na mwalimu pia. Nitabaambia mambo ya ile mama ya Kilwa. Bijou akinifukuza, anifukuze. Lakini afukuze baba yake, si telefoni.