Vipimo vya Mwaka Jana

Wakati ule nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye shule moja ya Mtoni, na jioni nikiandika programu za watu. Ya kwanza kujivunia niliiandika kwa ajili ya fundi cherehani wa Manzese, mama wa makamo mwenyeji wa Bukoba, aliyechoka kutafuta vipimo vya wateja kwenye madaftari yaliyotafunwa na panya.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu. Ili programu isijikongoje, nililipakia faili lote la vipimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mabadiliko yakafanyika humo humo. Kazi ya kuyaandika kwenye diski niliuachia mfumo wa kompyuta wenyewe, uandike ukipata nafasi. Ipo amri ya kuulazimisha uandike papo hapo. Niliijua. Niliiacha kwa sababu ilileta uzito, na mie nilitaka mama aone programu inavyokimbia.

Kwaya ya kanisani kwake ikaagiza magauni ya sikukuu. Mwaka uliopita aliwashonea pia, kwa hiyo wote walikuwemo tayari. Ilibaki kubadilisha namba tu. Aliwapima, akaandika kwenye karatasi, Jumamosi akawa ananisomea nami nabofya. Kina mama ishirini na wawili bila kupumzika. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta: kiuno kipya hiki, nyonga mpya hizi.

"Zimeingia?"

"Zimeingia, mama. Hata hizo karatasi huzihitaji tena."

Hata sijameza mate, umeme ukakatika. Mama hakushtuka. Akavuta pasi ya mkaa, akazikunjakunja zile karatasi, akawashia moto.

Umeme uliporudi nikafungua programu. Majina yapo, namba zipo. Nikaaga. Nani angekumbuka viuno ishirini na viwili? Mama akakata vitambaa huku anasoma kioo, akashona wiki mbili.

Siku ya kujaribisha magauni akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uone ulichotufanyia."

Nilimkuta mmoja amekwama mikono ikiwa juu, wenzake wawili wanamvuta gauni. Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mstaafu, alisimama wima kama mlingoti. Zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo na hakuthubutu kuvuta pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye kompyuta?"

Nikakaa mbele ya kompyuta, nikasoma namba. Vilikuwa vipimo vya mwaka jana. Vile vipya viliishia kwenye kumbukumbu, havikuwahi kufika kwenye diski. Umeme ulivyokatika vikapotea. Nikawaeleza hivyo hivyo, bila kujitetea.

"Kwa hiyo," mwenyekiti akasema polepole, "kompyuta inaamini sijanenepa."

"Ndiyo, mama."

Akacheka, na zipu ikapasuka yote.

Fundi akaamua kufumua pembeni na kutia vipande vya kitenge cha rangi nyingine. Mie nikaongeza ile amri, kila mteja akimalizika namba ziandikwe kwenye diski kabla ya mwingine. Wakapimwa upya, nami nabofya nikiwa nimegeukia ukuta. Kila mara kompyuta ilisita kidogo.

"Mbona imekuwa nzito?" fundi akauliza.

"Inaandika, mama."

Ikafika zamu ya mwenyekiti. Akaisukuma futi ya kupimia kwa mkono.

"Mie niongezee kitambaa tu. Humo kwenye kompyuta niacheni nilivyo."

Fundi akanitazama. Nikaliruka jina la mwenyekiti, nikaita anayefuata.