Dakika Ishirini Kutoka Embu Hadi Meru

Chekeni, lakini hesabu yangu ilikuwa sawa: kwa ndege ndogo, Embu hadi Meru ni dakika ishirini tu. Ndiyo maana nilimshawishi binamu yangu tupande ndege siku ya kupeleka mahari yake, wazee watangulie na mbuzi kwa barabara.

Tulitua suti hazijakunjika hata kidogo. Nilichosahau ni gari la kututoa kiwanjani. Tuliungua jua mpaka lori la viazi vya Kibirichia likatubeba juu ya magunia.

Langoni, mama wa msichana alitutazama, vumbi tupu. "Vijana wa viazi, pitieni nyuma, jikoni."

Mjomba wetu, aliyetangulia na mbuzi na alikuwa ameshashiba, akapaza sauti: "Mama, huyo ndiye anayeoa. Wamekuja na ndege."