Mtoto Niliyemponya Kituoni

Lori la majani ya chai halikuwahi kufika kwa wakati, na kwa hilo nalishukuru hadi leo. Kina mama wa kigango chetu karibu na Nyaramba walikuwa mbioni kutwa nzima: kuchuma, kuchota maji, kusaga wimbi, kunyonyesha. Mahali pekee walipokaa kitako palikuwa kituoni, majani yanaponunuliwa, kila mmoja na kikapu chake, wakilisubiri lori na kumsengenya dereva.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Nilikuwa msichana wa darasa la saba na nilijiona profesa. Sista mmoja wa misheni aliniazima riwaya nene ya Kiswahili, iliyotafsiriwa kutoka lugha ya nchi ya mbali. Ilimhusu mjane mfua nguo aliyekuwa na mtoto mmoja tu. Kina mama hawakujua kusoma, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuulizia bei sokoni, basi nikawa nasoma ukurasa kimoyomoyo na kuwasimulia kwa Ekegusii. Nilipofika kwenye theluji nilikwama, nikasema ni mvua ya mawe isiyoyeyuka.

"Nyasae! Na chai yao je?" mmoja akamwita Mungu kwa uchungu.

"Hawana chai," nikamjibu. Wakazidi kumhurumia yule mjane.

Kabla ya kitabu tulisali rozari, na mama yangu ndiye aliyeiongoza. Mwaka huo huo surua ilikuwa imemchukua mdogo wangu wa miezi tisa. Mama alisali novena, siku tisa kamili, kisha akamzika karibu na migomba. Siku ya nne alirudi kwenye majani. Hakuna aliyemtajia tena jambo lile.

Basi mtoto wa kitabuni naye akashikwa na homa. Siku hiyo lori lilikuja nikiwa nimeishia patamu, na matusi waliyozoea kumtupia dereva yakaniangukia mimi. Kesho yake, rozari ilipokwisha, mmoja wao akasema kwa utani kwamba tumwongezee mgonjwa wetu Salamu Maria kumi. Walicheka, lakini walipofika ya tatu hakuna aliyekuwa akicheka. Mama alifumba macho. Waliendelea hivyo siku tano.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimekwisha kusoma mbele, na nilijua mtoto anakufa. Siku ya kusoma ukurasa ule niliinua macho, nikamwona mama ameshika ncha ya leso yake, ananitazama mdomoni. Nikashindwa.

"Homa ikashuka," nikasema. "Akaomba uji."

Vigelegele vilipigwa mpaka karani wa mizani akatoka nje kuuliza kuna harusi gani. Mama peke yake hakupiga. Aliinuka akaenda kuyageuza majani aliyokuwa ameyageuza muda si mrefu. Nilifikiri furaha imemzidi, nikajipongeza njia nzima. Sehemu iliyobaki ilibidi niitunge mwenyewe, maana mtoto niliyemfufua sasa alihitaji kupelekwa shule.

Tangu juma hilo mama aliacha kuongoza rozari. Alisema koo linamsumbua. Lilimsumbua miaka minane.

Katika miaka ya sabini lilifunguliwa darasa la watu wazima la kusoma na Kiswahili, na mama akajiunga, akienda na matope ya shambani miguuni. Mimi nilikuwa mwalimu mjini Kisii. Nilikiona kitabu kile dukani nikamnunulia, na uwongo wangu nilikuwa nimeusahau kabisa. Alikisoma kwa miezi mingi, maharagwe yakichemka jikoni. Nilipokuja likizo nilimkuta ameketi, kitabu magotini, maharagwe yameungua. Mama hakuwahi kuunguza chakula.

"Mtoto alikufa," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nilikuonea huruma, mama."

"Huruma." Alinitazama. "Yule tulimwombea siku tano akapona. Wangu nilimwombea siku tisa nikamzika. Miaka yote hii najiuliza nimemkosea Mungu nini, hata mtoto wa kitabuni asikilizwe, wangu asisikilizwe."

Nililia, naye hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Kisha aliweka kidole kwenye ukurasa akasoma kwa sauti, polepole, kama anayepembua wimbi. Mjane anamvika mtoto nguo safi. Anamzika. Kesho yake anarudi kwenye beseni, kwa sababu nguo za watu zinangoja.

"Alirudi kufua," mama alisema, akijifuta macho. "Hakuwa na moyo mgumu. Alirudi tu. Kumbe tulikuwa wawili."

Siku hizi nikimsikia mtu akisema riwaya ni za wanawake wasio na kazi, hasira hunipanda hadi nikasahau adabu.

Kesho yake mama alikipeleka kitabu kituoni ndani ya kikapu, juu ya majani. Aliwaambia wenzake kwamba mtoto tuliyemwombea hakupona, kisha akawasomea mwenyewe, akitafsiri kwa Ekegusii. Hakuna aliyenilaumu. Walilia, kila mmoja akimlilia wa kwake, maana pale hapakuwa na ambaye hajazika. Lori lilipofika walimwambia dereva asubiri. Mama alikuwa ameshatoa rozari, na ndiye aliyeanza.