Namba Moja Kati ya Wasio na Taji

Safari yangu ya Moshi ilitokana na orodha, na orodha ilitokana na ukame wa habari. Ligi ya mpira ilikuwa imesimama, mabondia wamepumzika, na mhariri wetu pale Dar es Salaam alitaka ukurasa wa michezo ujae kama kawaida. Nikajitolea. Niliandika orodha ya wanawake kumi wa Afrika Mashariki wanaocheza gofu ya kulipwa, hodari kweli kweli, ambao hawajawahi kutwaa taji kubwa hata moja, nikawapanga kuanzia wa kumi mpaka wa kwanza. Nilitazama matokeo ya mashindano yaliyopita, nani alikaribia mara nyingi, nani alizidiwa kwa pigo moja, basi. Kila jina nikalitilia mzaha kidogo, maana orodha isiyo na mzaha haina tofauti na tangazo la kazi.

Namba moja nilimpa Aikande wa Machame. Huyu alikuwa amemaliza wa pili mara nyingi kuliko mwenzake yeyote. Mzaha wake niliufurahia mwenyewe mpaka nikawasomea wenzangu ofisini: "Hakuna anayemweza mpaka alione kombe. Akiliona, mkono hufa ganzi." Orodha ile ilitembea. Watu ambao hawajui hata fimbo ya gofu inashikwaje walibishana mtandaoni juu ya namba tatu na namba saba. Mhariri akasema niende Moshi nikazungumze na namba moja mwenyewe, na mimi nikafunga begi nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kushukuriwa.

Asubuhi ya Ijumaa basi lilitoka Dar mapema. Njia nzima nilikuwa nasoma maoni ya wasomaji kwenye simu, nikacheka peke yangu mpaka mama niliyeketi naye akasogeza kikapu chake. Korogwe tulikula, Same upepo ukatupiga vumbi, na kuanzia Mwanga abiria wa upande wa kulia walianza kuinama madirishani kuutafuta mlima. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Nikawaambia kwamba hata mlima unajua mwandishi anakuja, unajitengeneza. Walicheka kwa adabu, kama watu wanavyomchekea mgeni.

Moshi nilipanga chumba Majengo, karibu na msikiti, kwa sababu mimi ni Mwislamu wa Ilala na napenda kulala pale nitakapoisikia adhana. Baada ya sala ya Alasiri nilichukua bodaboda mpaka uwanja wa gofu. Aikande alikuwa anamfundisha mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, na alipopiga mpira mmoja kumwonyesha mwanafunzi wake, nilijikuta nimeacha kuandika. Mpira uliondoka bila papara, ukaenda ukaanguka pale pale alipokuwa ameuambia mwanafunzi kwamba utaanguka. Ndipo nilipotambua kitu ambacho sikupenda kukitambua: lile lilikuwa pigo la kwanza la Aikande kuliona kwa macho yangu.

Tulikaa kivulini tukanywa chai. Sikuona hasira kwake. Aliijadili orodha yangu kama fundi anayekagua mlango uliotengenezwa na fundi mwingine. Alisema namba tatu yangu ni bora kuliko yeye, maana yule hucheza vizuri hata majani yakiwa yamelowa, na kwamba namba saba nimemwonea, mwaka mzima alicheza na mguu mbovu na bado akamaliza kwenye watano bora. Alisema mtu akiwapanga wachezaji kwa matokeo peke yake anapanga hali ya hewa, afya na nauli. Niliandika yote haya nikiyafurahia, nikiamini ni mazungumzo ya wanamichezo wawili. Nilipomuuliza kuhusu ule mzaha wa mkono, alikunja glavu yake.

"Kaka Shabani, Jumapili uko bado?" akauliza. "Mama anaomba uje nyumbani kesho, ulale, kisha Jumapili twende wote kanisani. Ana neno na wewe."

Nikasema nitakuja, na kwa mwezi huo nikawa nimejawa na majivuno kuliko wakati mwingine wowote. Nilidhani nitakabidhiwa zawadi. Usiku huo nilinunua kitenge kizuri cha kumpelekea mama wa watu.

Jumamosi mchana Aikande alinichukua kwa gari la kaka yake. Tuliiacha barabara ya Arusha tukaanza kupanda, joto la mjini likapungua, migomba ikatubana pande zote mbili na kahawa ikichungulia chini yake. Nyumba yao iko katikati ya kihamba, shamba la ukoo, nyuma ya uzio wa mimea ya masale, na zizi la ng'ombe wawili limepakana na jiko. Mama Aikande alitoka akijifuta mikono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha, akapokea kitenge kwa mikono miwili na kukiweka juu ya kabati bila kukikunjua. Akaleta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, akasimama mpaka nimalize bakuli la kwanza, akaniongeza la pili. Ndipo akaketi.

Alianza mbali, kwa taratibu. Binti yake kila aliporudi kutoka kwenye mashindano hakuja mikono mitupu. Kutokana na alichopewa, maana gofu ya kulipwa humlipa hata wa pili, safari hii alinunua mbuzi, safari ile viti, mwaka mwingine mabati. Na kila mara mama alichukua sehemu akaenda nayo kanisani kutoa shukrani, kama wanavyofanya majirani zake wote, mtoto akifaulu, ng'ombe akizaa salama, kahawa ikikubali. Anayetoa shukrani husimama mbele ya usharika na kueleza anashukuru nini. Mama Aikande alisimama na kusema binti yangu ameshinda.

"Mimi nilijua mtu hapewi kitu kwa kushindwa," alisema. "Shuleni anapewa aliyeshinda. Kwenye maonyesho ya ng'ombe anapewa aliyeshinda. Sikumuuliza."

Aikande alikuwa ameketi mlangoni akitazama nje. Mara ya kwanza, alinieleza baadaye, alikuwa kwenye kwaya mama yake alipoyasema maneno yale, na mtoto gani anasimama kanisani kumsahihisha mama yake? Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Baada ya hapo likawa jambo la kunyamaziwa tu.

Kisha ikaja orodha yangu. Mtu mmoja aliisoma kwenye simu pale kituo cha maziwa, asubuhi, akina mama wakiwa wamepanga foleni na ndoo zao. Akasoma kwa sauti: bora kuliko wote ambao hawajawahi kushinda. Akasoma na ule mzaha. Mama Aikande alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alimimina maziwa yake, akarudi nyumbani, na wiki hiyo hiyo akaenda kwa mzee wa kanisa kujiuzulu uongozi wa umoja wa akina mama. Mzee wa kanisa alimsihi asijali, akamwambia waandishi huandika chochote. Hilo ndilo lililomsumbua. Hakutaka kupona kwa kumfanya mwandishi mwongo.

"Niliyasema mbele ya watu, nitayarekebisha mbele ya watu," aliniambia. "Lakini nataka aliyeandika awepo, aulizwe kama ni kweli, ajibu. Aikande ameniambia mwenyewe bila kuulizwa, nami nitatubu; ila watu wasidhani umetuongopea. Najua wewe si wa dini yetu, mwanangu. Kusema kweli hakuhitaji ubatizo."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliketi na bakuli la mtori mkononi, mgeni niliyekuja na ugonjwa wenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba orodha ile ilikuwa mchezo, kwamba hakuna mtu Dar anayeikumbuka tena. Nilipotafuta namna ya kusema hivyo bila kumdharau, sikuipata. Nikasema ndiyo, nitasimama. 

Jumapili asubuhi kulikuwa na baridi na ukungu mpaka juu ya migomba. Kanisa lilijaa. Mama Aikande alipita benchi la mbele walipokaa viongozi wa akina mama, akaenda kuketi nyuma kabisa, karibu nami. Wanawake wawili waligeuka kumtazama, kisha wakageuka tena mbele. Ulipofika wakati wa shukrani, alitembea hadi mbele, taratibu, akasalimia kwa jina la Bwana, wakaitika.

"Nimesimama hapa miaka yote hii nikisema binti yangu ameshinda," alisema. "Hakuwa ameshinda. Alikuwa wa pili, na mara nyingine wa tatu. Sikujua, lakini mdomo uliosema ni wangu. Naomba mniwie radhi."

Kisha akasema aliyeandika habari ile yupo, na ataulizwa. Nilitembea katikati ya mabenchi yale nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye koti la kijivu, aliniuliza kama niliyoandika ni kweli.

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, maneno mazuri, na yote yakanitoka. Nikasema ni kweli Aikande hajapata taji kubwa. Nikasema lile la mkono kufa ganzi nilitunga. Halafu, kwa kuwa mama yule alikuwa anatazama kama mtu anayesubiri ukweli mzima, nikasema na lililobaki: nilipoandika kwamba yeye ni wa kwanza na fulani ni wa saba, sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja wao akicheza. Kikongwe mmoja wa benchi la mbele alisema kitu kwa Kichagga, na waliokuwa karibu naye wakainamisha vichwa. Sikuelewa, na hakuna aliyenitafsiria. Ningefurahi kama wangenizomea. Badala yake mchungaji alinishukuru kwa ujasiri wangu, kwaya ikaimba, na mimi nikarudi kuketi nikiwa nimepewa sifa nisiyoistahili pale pale mbele ya mtu niliyemwaibisha.

Baada ya ibada mnada wa sadaka ulifanyika uwanjani: mayai, maparachichi, kuku, chupa za maziwa. Mama Aikande alikuwa ameleta mkungu mkubwa wa ndizi. Nami, kwa ujinga wa mtu anayetaka kuinunua nafuu ya dhamiri, nilipandisha bei mpaka wengine wakaniachia, kisha nikaubeba mkungu na kumpelekea mwenyewe awe nao. Hakuupokea.

"Sadaka hairudi nyumbani ilikotoka, mwanangu," alisema. "Peleka kwa mama yako." Akanipa mkono, akashukuru kwa kuja kwangu, akaenda kukamua ng'ombe wake mchana ule akiwa peke yake. Siku nyingine, Aikande aliniambia, angeshuka na kundi la wenzake wakicheka njia nzima.

Jioni Aikande alinirudisha mjini, mkungu ukiwa umelala kiti cha nyuma. Nilimwomba radhi, mara ya kwanza kwa ufasaha, mara ya pili kwa ukweli. Alinisikiliza akiendesha, na tulipokaribia barabara kuu ndipo akajibu.

"Mama alikuwa mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kuniuliza nimekuwa wa ngapi," alisema. "Nikirudi anapokea begi, ananiuliza kama nimekula. Uwanjani wote wananiuliza. Kanisani pia wataanza, sijali. Ila pale mlangoni, kaka, nilikuwa napumzika."

Nilitazama dirishani, na mlima ulikuwa umejitokeza wote, mweupe juu, wala sikumwambia mtu.

Jumatatu nilirudi Dar. Niliandika makala ya kuomba radhi, mhariri akaipunguza ikawa aya moja ukurasa wa ndani, nikaipigania ikawa mbili. Ndizi nilimpelekea mama yangu Ilala, akazipika na kuzisifu, nami nikazila bila kumweleza nimezipataje. Nilichojifunza safari ile si kikubwa. Nilikuwa nadhani kumpanga mtu katika orodha ni kumweka mahali. Sikujua kwamba unaweza pia kumtoa mahali alipokuwa, na mahali penyewe usipajue hata kwa jina.

Baadaye kulikuwa na mashindano Arusha. Siku ya mwisho ilipokwisha, nilivumilia kidogo, kisha nikampigia Aikande. Tulisalimiana vizuri, nikamuuliza hali ya mama, nikamuuliza ng'ombe. Halafu ulimi wangu, uliozoea kazi yake, ukauliza amekuwa wa ngapi.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wewe ni wa pili kuniuliza, kaka Shabani," akasema. "Wa kwanza alikuwa mama."