Hadija wa Delta na Tiki Yangu Nyekundu

Jamani, ninalowaeleza hapa si la kujisifia, na kama mna nia ya kunicheka chekeni mapema tumalizane, maana hapa Kibiti wameshanicheka mpaka watu ambao hawana mtoto hata mmoja shuleni. Mimi Mwalimu Mbonde, miaka kumi na tisa nafundisha Jiografia, suruali ina mstari wa pasi na kalamu nyekundu haitoki mfukoni, nilijifanya msichana wa kidato cha nne. Na siwezi kusema shetani alinipitia. Ulikuwa wivu, wivu mtupu.

Ulianza alipokuja Madam Salma. Ametoka Dar, binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, ana salamu nzuri (hilo ndilo lililonikera zaidi, mtu jeuri unamchukia bila kujisuta), akapewa Jiografia ya kidato cha tatu, mimi nikabaki na kidato cha nne changu kama siku zote. Haukuisha mwezi akafungua darasa la mtandaoni. La bure. Anaweka humo somo, picha, video fupi, halafu maswali ya kujipima ambayo mtoto akijibu yanajisahihisha yenyewe. Sasa nauliza, kama maswali yanajisahihisha yenyewe, mimi na kalamu yangu tukafanye nini, tukauze karanga stendi? Wasio na simu wanaazima za wazazi wao au wanatumia zile kompyuta tatu za shule, ambazo kabla yake kazi yao ilikuwa kufunikwa kitambaa.

Na hakulifunga kwa watoto wake tu. Alisema anayetaka aingie, awe wa shule ya Mkongo, awe wa Ngarambe, mradi ni mwanafunzi. Wa kwanza kuingia mnawajua? Kidato cha nne changu! Siku moja nauliza swali darasani, mikono ikanyooka kama mahindi, nikafurahi, nikamwambia binti mmoja jibu, akajibu vizuri sana, nikamuuliza haya kakufundisha nani. "Madam Salma, mwalimu. Kule mtandaoni." Alisema kwa adabu kabisa, ameshika mikono nyuma. Nikamwambia kaa chini.

Kibaya zaidi, Mkuu wa shule akatutangazia kwamba kwenye kikao cha wazazi atasema nani atashika kidato cha nne mwaka unaofuata. Miaka yote halijawahi kuwa jambo la kutangazwa, anayekishika ni mimi, hata wazazi wanajua, nusu yao niliwafundisha mwenyewe. Nikamweleza mke wangu. Mama Tatu akaendelea kuchambua mchele.

"Baba Tatu, si ujiunge na wewe humo, uone anavyofanya."

"Nikajifunze kwa mtoto yule?"

"Basi huo ni wivu."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini neno la kujiunga lilinikaa. Kesho yake Madam alisahau kufuta ubaoni zile herufi za kuingilia darasa lake, nikaziandika kiganjani, nikatafuta kivuli nyuma ya stoo, nikafungua barua pepe mpya, na kwenye jina nikaandika Hadija, jina la mama yangu mkubwa, Mungu amrehemu, ambaye maisha yake yote hakushika simu. Hadija wa delta ya Rufiji, kidato cha nne. Wazo langu lilikuwa dogo tu: nichungulie, nitafute makosa, nitoke.

Nikachungulia. Makosa sikuyaona. Sasa mtu ukikosa kosa unalitengeneza. Wiki hiyo alikuwa anafundisha mabonde ya mito, na mtu wa Dar atajua nini kuhusu Rufiji? Hadija akauliza mbele ya darasa zima: "Madam, naomba utueleze kilimo cha mlau kinategemea nini." Nikakaa nasubiri ababaike. Mlau si wa vitabuni, ni kilimo chetu cha kupanda baada ya mafuriko, mimi nimezaliwa ndani yake. Jibu likaja: "Hadija, sijui. Naomba unifundishe."

Jamani, mtu mwenye akili angetoka pale pale. Mimi nikafundisha. Nikaandika jinsi maji yanavyoshuka kutoka juu, yanavyotanda shambani, yanavyotua tope jeusi, halafu yanaanza kurudi mtoni, na mama yangu anayafuata nyuma, maji yakirudi hatua moja yeye anachimba mashimo mstari mmoja wa mahindi, yakirudi tena anachimba mwingine, mpaka shamba zima limepandwa bila tone la mvua. Nikaeleza na dungu, kile kibanda chetu cha juu ya miti tulichokuwa tunalala kulinda mazao. Niliandika mpaka kidole gumba kikauma. Darasani mlau nilikuwa nautaja kwa mistari miwili, nasema nakilini, wananakili, kengele inalia.

Watoto wakachanganyikiwa. Mioyo, vidole gumba, "Hadija uko vizuri dada", "Hadija tuelezee na mikoko". Hadija akaeleza na mikoko. Kwa wiki mbili nikawa nakimbilia nyuma ya stoo kila kipindi changu kikiisha, na nakiri nilikuwa na raha, mpaka siku nilipopita dirishani kwangu kidato cha nne nikasikia mmoja anamwambia mwenzie, "Yule Hadija anaelewesha kuliko Mwalimu Mbonde." Nikasimama pale na chaki mkononi. Nilimwonea wivu Hadija! Hadija ambaye ni mimi! Nikaingia darasani nikawapa jaribio la ghafla.

Asubuhi ya kikao cha wazazi Madam akamwandikia Hadija: tafadhali chora kwa mkono bonde la mto na mlau, piga picha, nitume, nataka kuwaonyesha wazazi. Nilikuwa ofisini mbele ya rundo la madaftari ya kidato cha pili, nasahihisha huku wazazi wameanza kuingia. Ningekaa kimya, ningesema hakuna mtandao delta. Lakini nikawaza, wazazi waone kazi nzuri, hata kama hawajui ni ya nani. Nikachukua karatasi, nikachora, nikaweka mishale, mto, tope, mahindi, dungu na ngazi yake. Ilitoka nzuri. Kengele ya kikao ikalia, nikapiga picha mbio mbio, nikatuma, karatasi nikaichomeka katikati ya madaftari, nikaenda.

Ukumbini Mkuu akawasifu walimu wote, kisha akafika kwa Hadija. Binti wa delta, akasema, anasoma kwa shida, mtandao wa kubahatisha, lakini anawafundisha wenzie. Wazazi wakatikisa vichwa, mama mmoja akajifuta macho na khanga. Mkuu akaendelea, shule imekubaliana binti huyu atafutwe ahamie kwetu, alale bweni, na kwa kuwa Mwalimu Mbonde ni mwenyeji wa delta, basi Jumamosi ateremke Nyamisati, achukue boti, amtafute kijiji kwa kijiji.

"Mwalimu, utaweza?"

"Nitakwenda, Mkuu," nikasema. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria namna ya kumfanya Hadija awe ameshaolewa kisiwani Mafia.

Hapo Madam Salma akawasha projekta. Mchoro wangu ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa msikiti, na juu ya mto, juu ya mahindi, juu ya dungu, pamepita tiki nyekundu yenye mkia mrefu unaokwenda mpaka pembeni mwa karatasi, na chini yake maneno: Umejitahidi. Ongeza bidii.

Sikumbuki kuiweka. Nawaapia, sikumbuki. Mkono ulikuwa umetoka kusahihisha madaftari arobaini, ukakutana na la arobaini na moja.

Madam mwenyewe alikuwa anaiangalia kama ndiyo kwanza anaiona, na ndivyo ilivyokuwa, aliitoa kwenye simu akaipeleka ukutani. Kisha akasimama Mama Shaweji, mwenye duka la nguo, nilimfundisha miaka hiyo na sasa namfundisha mwanawe. Yeye Mmatumbi, mimi Mndengereko, ni watani, hatuachiani.

"Mkuu, samahani. Hiyo tiki mie naijua. Imenikalia daftarini miaka minne, na hayo ya kuongeza bidii niliandikiwa hata nilipopata zote." Akanigeukia. "Shikamoo, Hadija."

Sitawaelezea kicheko. Bati zilitetemeka. Mzee mmoja alikuwa hasikii vizuri, ikabidi aelezwe upya kwa sauti, wakacheka mara ya pili kwa ajili yake. Mkuu aliniuliza taratibu, "Mwalimu, ni wewe?" Nikasimama. Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa namwonea wivu Madam, nilitaka ashindwe. Sijui kwa nini nilisema yote, labda kwa sababu jasho lilikuwa limeshasema.

Kidato cha nne akapewa Madam Salma. Nilistahili, na iliniuma, na bado inauma.

Kikao kilipoisha akanifuata nje. Nilijiandaa kwa matusi, ingekuwa nafuu. Akasema, "Mwalimu, shikamoo. Nina swali moja tu. Mbona darasani hujawahi kuwafundisha vile?" Nikaenda nyumbani, Mama Tatu alikuwa ameshapata habari zote na ameniwekea chakula, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Mwaka uliofuata Madam aliniomba nije kidato cha nne, darasani kwake, kipindi kimoja, nifundishe mlau kwa mdomo wangu. Nilikwenda bila daftari la kunakilisha. Nikafundisha maji, tope, mama yangu na mashimo yake, nikatoka jasho, kengele ikalia na hakuna aliyenyanyuka. Nikamuuliza binti wa mbele, wameelewa?

"Tumeelewa sana, mwalimu," akasema, ameshika mikono nyuma. "Ila Hadija alieleza vizuri zaidi."

Nimeapa sitajiita tena jina lisilo langu, wala sitaingia darasa la mtu kwa nia ya kuchungulia. Akaunti ile Madam amekataa kuifuta, anasema watoto wanaipenda. Jina bado limo kwenye orodha yake, kati ya Habiba na Halima, nami kila nikiliona moyo unanichoma, kwa sababu mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye sikumfundisha mimi.