Mgeni Aliyeogopwa na Mtoto

Habari za kifo cha mwalimu mmoja wa watoto wenye ulemavu wa akili zilinifikia Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2009, nikiwa sokoni Kitale. Alizikwa kwao Bokoli, upande wa Bungoma, na walioniona mazishini walidhani tulikuwa marafiki. Hatukuwa. Nilikutana naye mara moja tu, na tangu siku hiyo nilikuwa nikimkwepa.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2006, huko Kiminini. Akina mama wa kikundi chetu cha kanisa tulikuwa tukinywa chai kwa mwenzetu, nami nikiwa nimepewa kiti cha heshima. Mjane aliyesomesha watoto wake, kisha akarudi darasani na kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa tayari ni nyanya, huzoea kupewa kiti kama hicho. Tukasikia hodi. Mwalimu akaingia na wanafunzi wake, wamejivika magunia na manyoya ya kuku, wengine wamejipaka masizi. Alieleza kwamba kwa Wazungu siku hiyo huitwa Halowini: watoto huvaa mavazi ya kutisha na kwenda mlango kwa mlango wakipewa peremende. Yeye alikuwa amemwambia kila mtoto ajivike kile anachokiogopa mwenyewe.

"Ati leo shetani amekuja kunywa chai na sisi!" mmoja wetu alitania, tukacheka. Kulikuwa na mbwa. Kulikuwa na daktari mwenye sindano ya kijiti. Wa mwisho alikuwa msichana mwenye kofia pana na mkoba mkononi.

"Na wewe ni nani, mama?" nilimwuliza.

"Mgeni."

Akatoa leso, akapangusa kiti kilichokuwa wazi, akakunja pua, ndipo akaketi. Kicheko kilikatika. Wote walinigeukia, kwa maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiketi katika nyumba za watu.

"Ni wangu," mwenye nyumba alisema, ameinamisha uso. "Mkikuja huwa namfungia chumba cha nyuma. Anawachungulia kwa ufa wa mlango."

"Si ungetuambia, bana?" mwenzetu mmoja aliuliza.

"Ningewaambiaje? Na huyu mama hata viti vyangu anapangusa?" Kisha akamgeukia mwalimu. "Mtoe basi, wageni wanywe chai."

Mwalimu hakusogea. Aliniangalia mimi. "Mama, tumtoe?"

Nilitazama kikombe changu. Alingoja jibu, nami sikulitoa. Mwenye nyumba ndiye aliyeinuka hatimaye, akajaza kikombe, akakiweka mbele ya bintiye. "Kunywa, mgeni wangu."

Wasomaji wangu watakumbuka kwamba nimewahi kuwalaumu katika safu hii ya gazeti, kwa maneno makali, wazazi wanaowaficha watoto wenye ulemavu. Tabia hiyo niliiita ujinga. Sikujiuliza mlango ule ulifungwa kwa ajili ya nani. Mama yule hakumwonea haya mwanawe. Aliogopa pua yangu. Hotuba tunazotoa makanisani na barazani huwalenga wenye nyumba, ilhali ni sisi tunaoingia humo na macho ya kupima kila kitu. Atakayekaribishwa kwa mtu na aulize habari za watoto wote, tena aulize kwa upole utakaompa mwenyeji nafasi ya kusema kweli. Mwalimu amezikwa bila kusikia jibu langu. Lilikuwa neno moja tu: abaki.