Siku Niliyoombea Sanduku ya Tenda

Rafiki yangu, wewe nakuamini, kwa hivyo keti nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, kwa sababu ukienda zile ofisi za Lodwar siku ya kufungua tenda utasikia wakiulizana nani ataomba leo, na mtu atasema aombe yeyote bora si yule mama wa Kakuma, halafu watacheka. Huyo mama ni mimi. Sina pa kuficha uso, na uso wenyewe ulishazunguka kwa simu za watu mpaka Nakalale nilikozaliwa.

Iko hivi. Sisi akina mama wa kanisa hapa Kakuma tuko na kikundi ya kufyatua matofali ya simiti, na kujenga pia tunajua (usicheke, choo ya kanisa tulijenga sisi na bado imesimama). Miaka yote tunauza mboga na samaki kavu chini kwa jua, vumbi ikija tunafunika na leso, ikiisha tunapanguza nyanya moja moja. Sasa kaunti ikatangaza soko mpya, maduka makubwa ya wakandarasi wakubwa, na upande mmoja vibanda vya mboga, na hiyo kazi ya vibanda wakasema imewekewa vikundi vya akina mama. Kujenga kibanda kwa mkono wako halafu ukae ndani yake uuze, kwa kivuli, wewe fikiria tu. Mwenyekiti wetu, Mama Ekidor, akafunga mbuzi nyuma ya nyumba akasema huyu ni wa shukrani, mtu asimguse mpaka tupate hiyo kazi.

Nikachaguliwa mimi nipeleke bahasha yenye bei yetu Lodwar, kwa sababu nilisoma masomo ya jioni ya watu wazima, na pia (wacha niseme tu) kwa sababu najulikana kwa maombi. Nikapewa mtu wa kunisindikiza, Mama Furaha, jirani yangu kutoka Kongo, yeye ndiye anasimamia simiti yetu, mtu wa maneno machache. Tukalala kwa dada yangu pale mtaa wa Kanamkemer, asubuhi tukapanda boda mpaka ofisini, nimefunga kitambaa cha kanisa kichwani na bahasha iko ndani ya leso.

Tukakuta sanduku ya chuma karibu na mlango, ina kufuli, na juu ina tundu pana kidogo kwa maana wakandarasi huleta makaratasi manene kama tofali. Ukutani wamebandika ya kwamba mwisho wa kutia ni saa nne kamili, na papo hapo inafunguliwa mbele ya kila mtu. Nilisoma mwenyewe, neno kwa neno, nikajisikia.

Hapo ndipo nilifanya uamuzi wangu mdogo. Ningetia tu bahasha nikakaa. Lakini wewe unajua pale kliniki, kadi za wagonjwa zinawekwa moja juu ya ingine, na mwenye akili hangoji kuweka ya kwanza, anangoja aweke ya mwisho, ikae juu, daktari aanze na yeye. (Nimefanya hivyo na watoto wote wanne.) Nikawaza hata hapa ni hivyo hivyo, ya juu ndiyo itafunguliwa wakati macho ya watu bado ni mapya. Mama Furaha akaniambia, "Yaya, tia tu," maana kwao yaya ni dada mkubwa. Nikamwambia ngoja. Tukakaa kiti ya karibu na sanduku, natazama saa ya ukutani, watu wanatia, mimi nangoja niwe wa mwisho.

Ikabaki dakika chache, nikaanza kufungua leso, na afisa mwenye kusimamia, mama mmoja mpole wa miwani, akasema jamani kabla hatujaendelea, kama kawaida tuanze na maombi, nani atatuombea? Wote wakaanza kutazama simu zao. Halafu mkandarasi mmoja mnene mwenye kofia, wanamwita Injinia, akageuka akanitazama kitambaa. "Si mama wa kanisa huyu hapa. Atuombee."

Rafiki, mtu anakataa aje kuomba? Nikasema moyoni naomba kidogo halafu natia. Nikasimama, wote wakafumba macho.

Nikashukuru kwa uhai. Nikaombea mvua, nikaombea mbuzi na ngamia, wavuvi wa Ferguson's Gulf, barabara ya Kakuma, wakimbizi na wenyeji wakae kwa amani. Na kila nikitua mtu anasema amina, na amina, wewe unajua, ni kama sukari kwa chai, ukionja moja unataka ya pili. Ningenyamaza hapo. Lakini nikakumbuka ya kwamba hawa wamefumba macho mbele yangu ndio wanajenga nchi nzima, na Mungu amenipa nafasi, nikasema, "Na wale, Baba, wanaochanganya mchanga mwingi na simiti kidogo, wagusie mioyo yao." Amina za hapo zilitoka chache. Nikaongeza sauti. Nikaombea nyufa, ukuta kwa ukuta. Mama Furaha akanivuta leso. Nikadhani ameguswa. Akanivuta tena kwa nguvu, mimi nikaanzisha wimbo.

Niliposema amina ya mwisho na kufungua macho, afisa alikuwa amesimama kando ya sanduku, ameshabandika karatasi juu ya tundu na kutia sahihi. Saa ya ukutani sitaki hata kukuambia ilisema nini. Nikamwonyesha bahasha. Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Mama, mimi pia ni mkristo," akasema. "Lakini sheria haifumbi macho."

Mtu mwingine angekaa chini. Mimi nikawaona akina mama wote wa Kakuma, nikamwona yule mbuzi, na mkono ukaenda wenyewe, nikapasua ile karatasi nikasukuma bahasha ndani, mkono na bangili zote, mpaka karibu na kiwiko. Afisa akashika sanduku, mimi nikashtuka nikavuta, bangili zikashika kwa chuma. Mkono haukutoka.

Sasa fikiria hiyo picha. Mama wa kanisa, na kitambaa chake, ameshatoka kuombea wezi wa simiti, mkono uko ndani ya sanduku ya tenda. Simu zikainuliwa zote.

Afisa akaniambia, "Mama, achilia hiyo bahasha, mkono utatoka."

"Nikiachilia itahesabiwa?"

"Haitahesabiwa."

"Basi siachilii."

Kikao ikasimama, kwa sababu huwezi kufungua sanduku iko na mtu. Injinia akaenda chooni akarudi na sabuni na maji kwa kikombe, akainama karibu na mimi akauliza pole pole, "Mama, hii nayo tuiombee, ama tupake tu?" Mama Furaha akampokonya sabuni, akanipaka, anavuta bangili moja moja, ananiambia, "Yaya, weye unaombaka muzuri, lakini haumalizake." Mkono ukatoka na bahasha yake imelowa povu, na afisa akaandika imechelewa, wakanirudishia kitu iliyokuwa tayari mkononi mwangu.

Vibanda walipewa akina mama wa Kalokol, na walistahili, walitia mapema.

Tulirudi Kakuma nikiwa nimetunga maneno ya kueleza, kumbe picha ilishatangulia. Mama Ekidor alikuwa mlangoni. Salamu hata ya ejok sikusikia. Akaniuliza, "Mkono umerudi wote?" Nikasema wote. Akasema, "Basi mbuzi atangoja," akaingia ndani, na nikalia usiku huo kwa sababu hakunigombeza.

Lakini Mungu wetu ana mzaha wake. Soko ilipoanza kujengwa, gari ikasimama pale tunapofyatulia matofali, akashuka Injinia na kofia yake, ndiye alipata upande wa maduka. Akauliza yule mama wa mchanga yuko wapi. Nilikuwa nyuma ya tangi ya maji, najificha. Akachukua tofali yetu, akaiangusha chini, haikuvunjika, akaiangusha tena. Akasema tangu siku ile hawezi kutazama simiti bila kusikia sauti yangu, kwa hivyo afadhali anunue kwetu alale. Maduka yote ya upande ule ni matofali yetu, nenda uguse. Vibanda bado si vyetu, mimi nauza nyanya kwa kibanda nimekodi, lakini iko na kivuli. Na mbuzi tulimla siku hiyo hiyo, na Mama Ekidor aliponiambia nishukuru kwa chakula, akashika mkono wangu kwanza.

Mimi maombi siachi, mpaka kaburini. Ila nimeapa: nitatia kwanza, halafu nitapiga magoti. Na wewe, kama unamjua mama yeyote anayepeleka bahasha mahali, msimulie hii mkasa yangu yote, na mkono pia usiuruke, bora nichekwe mimi kuliko yeye abaki nje.